Ndoo Zenye Breki

Wiki iliyopita tulimwacha Wembe pabaya. Mkononi ana wembe, kwenye kiti ana dalali wa hisa aliyenyolewa shavu moja na la pili limejaa povu, na mlangoni kasimama mama mkwe wake na kapu la kufuma. Mama mkwe kauliza swali moja tu: "Nani humu ndani amenunua hisa za kiwanda cha ndoo?"

Kama gazeti lako jirani aliliazima akaenda nalo moja kwa moja, usihangaike. Wembe ni kinyozi, na jina la utani limemganda mpaka mkewe humwita hivyo hivyo. Aliyenunua hisa ni yeye. Kazinunua kwa hela ya kodi ya saluni, kodi ya mwaka mzima, ambayo nusu yake aliitoa mkewe muuza dawa na kumkabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye nyumba anakuja kuichukua leo kabla giza halijaingia. Asipoikuta, chumba anapewa muuza simu, ambaye ameshaanza kupita kupima ukuta.

Haya, twende naye.

"Shikamoo, mama," Wembe akasema.

"Marahaba. Sikuulizia salamu, nimeulizia ndoo."

Dalali akafungua mdomo ajibu. Wembe akamgusa na wembe chini ya kidevu, kwa adabu kabisa.

"Mzee, hapa nilipofika si mahali pa kuongea. Ukitikisa taya, nakukata."

Dalali akafunga mdomo. Aliyejibu ni mwalimu wa udereva, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri zamu yake.

"Mimi ninazo, mama! Ninazo, na nataka nyingine!"

Mama mkwe akaingia, akaketi, akatoa sindano na uzi. Mtaa mzima unamwita Bibi Gawio. Alianza kununua hisa enzi akishona sare za shule, hisa mbili leo, tatu mwezi ujao, na mpaka leo kampuni zikigawa faida yeye hupata yake kimya kimya na kuirudisha sokoni. Hana gari. Ana kandambili za miaka mingi na wakurugenzi wanaomwamkia.

"Mimi pia nilikuwa nazo," akasema. "Tangu mke wa huyu anatambaa. Wiki hii nimeziuza zote."

"Umeuza?" Wembe na mwalimu walisema kwa pamoja.

"Zote."

"Lakini mama, bei imepanda maradufu!"

"Ndiyo maana."

"Na itapanda tena!"

"Nani kakwambia?"

"Watu wanajua," mwalimu akasema, akishusha sauti. "Kiwanda kinanunuliwa na matajiri wa ng'ambo. Watatengeneza ndoo zenye magurudumu. Na breki."

Bibi Gawio akafuma mstari mzima.

"Mwalimu," akasema hatimaye, "ukienda kununua gari, unaanza na nini?"

"Nafungua boneti."

"Sasa mbona ndoo hukuifungua?"

"Ndoo haina boneti, mama."

"Kiwanda kinalo. Mimi nilikwenda. Nilikaa na mlinzi getini mpaka mguu ukafa ganzi. Malori ni yale yale mawili, na moja linawashwa kwa kusukumwa. Mlinzi bado anadai viatu vya kazi. Mgeni pekee aliyeingia ni mbuzi, naye alifukuzwa. Kiwanda hakijabadilika hata kidogo, bei ndiyo imeruka. Nikauza."

Wembe alihisi jasho likimteremka mgongoni mpaka kwenye mkanda. Maana, msomaji, kuna jambo hajamwambia mtu yeyote, hata mto wake wa kulalia. Habari ile ya ndoo aliitunga yeye.

Ilikuwa Jumatatu, akimsafisha fundi viatu nywele za masikioni. Fundi viatu ana mtekenyo wa ajabu, ukimgusa sikio anaruka na kiti. Kinyozi anayeijua kazi yake hamwambii mteja wa namna hiyo atulie. Humpa habari. Basi Wembe akainama, akamnong'oneza kwamba kiwanda cha ndoo kinanunuliwa na matajiri wa ng'ambo, na kwamba zitatengenezwa ndoo zenye magurudumu. Fundi viatu akatulia tuli. Masikio yakatoka safi, na Wembe akayasahau maneno yake.

Jumanne asubuhi akaja mwalimu wa udereva, akachungulia nje, akafunga mlango. "Umesikia?" akanong'ona. "Ndoo zenye magurudumu. Na breki."

Hizo breki ndizo zilizommaliza. Magurudumu aliyatunga mwenyewe, hilo alilijua. Lakini breki? Breki hakuzitaja, hata kuziwaza hakuziwaza. Akakuna kichwa, akaona maana yake ni moja tu, kwamba bila kujua alikuwa amebahatisha ukweli. Kabla ya adhuhuri alikuwa ofisini kwa dalali, hela ya kodi ameifunga ndani ya taulo.

"Sikiliza, mwalimu, nawe mkwe wangu usikie," Bibi Gawio akaendelea, bila kujua anamchoma nani. "Kununua kitu kibaya si aibu. Mimi niliwahi kununua hisa za kiwanda cha kofia, mwaka ule ule watu wakaamua kutembea vichwa wazi. Nililia, nikapangusa macho, maisha yakaendelea. Aibu ni kununua kwa hela yenye kazi. Hela ya ada ina kazi yake. Ya dawa ina kazi yake. Ya kodi ina kazi yake. Hela ya kupeleka sokoni ni ile ambayo ikilala huko miaka kumi, hakuna mtu nyumbani atakayelala njaa."

"Kweli kabisa, mama," Wembe akasema. Sauti ilitoka kama ya mtoto aliyevunja kikombe. Aliona haya, na haya yenyewe ilimkaa kifuani. Mkewe alikuwa ameiweka hela ile kidogo kidogo, akikataa hata kujinunulia viatu.

"Basi mimi sijali," mwalimu wa udereva akasema. "Mwenye ndoo zake aniuzie hapa hapa. Nalipa taslimu, juu ya bei ya leo. Hela za wanafunzi wangu ninazo mfukoni."

Akatoa kitita. Kilikuwa kinene, kimefungwa kwa mpira.

Wembe akakitazama. Akakitazama tena kwenye kioo, ambako kilionekana kinene zaidi. Kodi ilikuwa pale, na chenji juu. Angemvuta mwalimu pembeni, waelewane kwa kunong'ona, mwenye nyumba akija anakuta hela imekaa tayari, mkewe hajui, mama mkwe hajui, na muuza simu akapime ukuta kwingine. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

"Ngoja kwanza," Bibi Gawio akasema. "Kabla hujatoa hela ya watoto wa watu, hizo habari umezipata wapi?"

"Kwa fundi viatu."

"Mpigie. Weka sauti kubwa tusikie wote."

Mwalimu akabonyeza simu. Wembe akawasha mashine ya kukaushia nywele.

"Zima hiyo," Bibi Gawio akasema.

"Naijaribu tu, mama, ilikuwa na kikohozi."

"Zima."

Akazima. Simu ikaita. Kila ilipoita, Wembe alimwona fundi viatu akilini akipangusa gundi vidoleni apokee. Alitazama kitita, akamtazama mwalimu, ambaye kesho angewaambia vijana wake kwamba gari la mafunzo halina mafuta na hela yao iko kwenye ndoo.

"Ni mimi," Wembe akasema.

"Wewe nini?"

"Habari ya ndoo nimeitunga mimi. Hakuna matajiri. Hakuna magurudumu. Nilikuwa namnyoa fundi viatu masikio, akawa anarukaruka. Nilisema tu ili atulie. Basi, nimesema!"

Hata povu la dalali lilisikika likipasuka.

"Haloo?" simu ikasema. Ni fundi viatu.

"Wewe fundi," mwalimu akasema, "ile habari ya ndoo alikupa nani?"

"Kinyozi. Jumatatu. Kwani vipi?"

"Eti anasema kaitunga."

Fundi viatu akacheka sana.

"Kaitunga! Mwalimu, tumia akili. Bei imepanda au haijapanda? Imepanda. Sasa mtu aliyejua kabla yetu wote, Jumatatu asubuhi, huyo si ndiye mwenye siri? Anataka tuogope tuuze, yeye azoe. Usiuze! Na mimi naenda kuongeza."

Simu ikakatika.

"Nilijua!" mwalimu akasema, akimnyooshea Wembe kidole. "Nilikuwa nakushangaa jasho lote hilo la nini. Kinyozi, wewe ni mtu hatari."

"Mwalimu, nakwambia ukweli! Na hizo breki ndizo zilizonichanganya hata mimi, sijui zilitoka wapi!"

"Breki niliziongeza mimi," mwalimu akasema. "Kwa usalama. Siwezi kumwambia mtu habari ya magurudumu bila breki, mimi ni mwalimu."

Wembe akashikilia mgongo wa kiti. Yaani alikuwa ameuza amani ya nyumba yake kwa sababu mwalimu wa udereva hapendi ajali.

Bibi Gawio hakucheka. Alikuwa ameacha kufuma, na alikuwa akimtazama mkwe wake kwa namna mpya kidogo.

"Umesema mbele za watu," akasema. "Si kitu rahisi. Wengi wangechukua kile kitita wakanyamaza."

Maneno hayo yalimfariji Wembe na kumuumiza kwa pamoja, kwa kuwa alikuwa amekiri nusu tu. Akafungua mdomo amalizie nusu ya pili.

Mlango ukafunguliwa kwa teke. Mwenye nyumba huyo!

Lakini mwenye nyumba gani! Yule mwenye uso wa kukunja, anayegonga mlango kwa funguo, hakuwepo. Aliyeingia alikuwa amevaa suti yenye lebo ya bei bado inaning'inia mkononi, na anacheza.

"Kinyozi!" akasema. "Leo sikudai hata senti!"

Wembe alitaka kumbusu.

"Hunidai?"

"Nikudai kwa nini? Mimi si mwenye nyumba tena. Jengo nimeuza! Lote, vyumba sita na choo cha nyuma. Hela yote nimeitia kwenye ndoo. Mwezi ujao mkitaka kuniona mtaandika barua."

"Mzee," Wembe akasema, na safari hii karibu alie, "ndoo hizo ni uongo wangu."

"Nimeshaambiwa kwamba utasema hivyo. Fundi viatu kanipigia hapo njiani."

"Umemuuzia nani jengo?" Bibi Gawio akauliza kwa upole, akihesabu vishono.

"Hata simjui, mama. Nilimwachia dalali wa majengo. Mimi nilitaka hela haraka, kabla ndoo hazijapanda zaidi."

"Ndiyo maana ukauza vyumba sita kwa bei ya vitatu."

Mwenye nyumba akaacha kucheza.

"Umejuaje?"

Bibi Gawio akaingiza mkono kapuni, chini ya uzi wa bluu, akatoa shada la funguo na kuliweka juu ya benchi.

"Nimelinunua mimi. Nilikuwa na hela ya ndoo mkononi, natafuta kitu ambacho hakijapanda. Nikasikia kuna mtu anauza jengo huku anakimbia. Mtu anayekimbia huwa haulizi bei, anauliza hela zinatoka lini. Hapo ndipo mimi hununua."

Wembe akatafuta mahali pa kukaa, akakumbuka kuwa kiti kina dalali.

"Ila sipendi mali ya uongo," Bibi Gawio akaendelea, akimgeukia mwenye nyumba. "Wakati nanunua sikujua. Sasa nimejua. Mkwe wangu amekiri, wote tumemsikia. Ukitaka kurudi nyuma, rudi sasa hivi. Nirudishie hela yangu, nami karatasi nazichana hapa."

Mwenye nyumba akamtazama. Akamtazama Wembe. Kisha akapiga kofi na kucheka.

"Ahaa! Familia nzima! Mkwe anatisha watu, mama anafuata nyuma na karatasi. Mnataka niuze ndoo zangu mzichukue ninyi! Sirudi nyuma, mama. Lichukue jengo lako na choo chake!"

"Mmesikia wote?"

"Tumesikia," mwalimu wa udereva akasema. Dalali akainua kidole kimoja kutoka chini ya shuka ya kunyolea, kuonyesha naye amesikia.

Mwenye nyumba akatoka akicheza, lebo ikipepea. Mwalimu naye akachukua kitita chake na kumkimbilia, akimwomba amuuzie ndoo chache.

Wembe akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu Jumanne. Mwenye jengo sasa ni mama! Mama wa mkewe! Nani amewahi kufukuzwa na mama mkwe kwa ajili ya kodi? Soko lilikuwa limefungwa mpaka Jumatatu. Jumatatu angeziuza hisa zake, au angezishikilia, au angekiri taratibu, jioni moja nzuri, watu wakiwa wameshiba. Akarudisha wembe kidevuni kwa dalali, akaanza hata kupiga mluzi.

"Sasa, mkwe wangu," Bibi Gawio akasema. "Lete kodi."

Mluzi ukakatika.

"Kodi, mama?"

"Ya mwaka mzima. Ni leo. Imeandikwa kwenye mkataba, nami mkataba nimeurithi pamoja na jengo."

"Lakini mama, mimi si mwanao?"

"Ni mwanangu, na nyumbani nakupakulia kabla ya wote. Hapa ni mpangaji. Nikikusamehe wewe leo, kesho fundi saa wa chumba cha pili atanitafutia undugu, na mwisho wa mwezi jengo zima litakuwa ukoo mmoja. Ukichanganya biashara na undugu, vyote viwili vinakuvunjikia mkononi."

Wakati huo huo mkewe Wembe akaingia, bado na koti jeupe la dukani kwake. Habari za jengo alikuwa ameshazipata barabarani. Uso wake ulikuwa unang'aa, akamkumbatia mama yake pamoja na sindano zake.

"Mama, hongera! Wala usimwonee wasiwasi. Anazo. Nilimpa mwenyewe Jumatatu usiku, zimetimia, nilizihesabu." Akamgeukia mumewe kwa fahari. "Wembe, mpe mama hela yake. Mbona umesimama?"

Wembe akamtazama mkewe, akatazama viatu vyake, vile vya zamani vilivyobandikwa soli. Hakuna uongo uliomjia. Yeye, aliyetunga matajiri wa ng'ambo kwa ajili ya sikio la fundi viatu, hakupata hata mmoja.

Na bila kujua akaushusha wembe kutoka kidevuni kwa dalali.

Dalali akapumua. Povu lilikuwa limekauka, shavu zima likawa kama ukuta uliopigwa chokaa.

"Samahani," dalali akasema. "Nimenyamaza muda mrefu kwa sababu za kiafya. Ila kama mazungumzo ni ya kodi ya kinyozi huyu, mama, kodi hiyo umeshaipokea."

"Nimeipokea lini?"

"Jumanne. Wewe ulinipigia simu asubuhi unauza ndoo. Huyu akaingia ofisini kwangu na taulo lake, anatafuta ndoo. Mimi kazi yangu ni kukutanisha watu, nikawakutanisha. Alizonunua yeye ni zako. Hela yake ikaja kwako, kwako ikatoka na nyingine, ikanunua hili jengo."

Mke alimtazama mume. Mama mkwe alimtazama mkwe. Dalali alijitazama kwenye kioo, akaanza kubandua povu kwa kucha.

Wembe akafanya hesabu polepole, midomo ikicheza. Hela ya kodi ilikuwa imemfikia mwenye nyumba. Ilipita njia ya ajabu, lakini ilifika. Moyo wake, ambao haukuwa na akili nyingi siku hiyo, ukaruka kwa furaha.

"Basi, mama," akasema, "naomba risiti."

Bibi Gawio akachomeka sindano zake kwenye uzi, taratibu, moja baada ya nyingine. Akavua miwani. Akamgeukia binti yake, ambaye alikuwa ameshavua kiatu kimoja.

"Mwanangu," akasema, "funga mlango."